Nilivyopanda Mlima Homa Nikimwogopa Mke Mwenzangu

Mimi ni mtu wa kushuku, nianze na hapo. Maziwa nanusa hata kama ng'ombe namjua kwa jina. Mteja akisifu gauni nililomshonea, najiuliza anataka nini. Kwa hivyo ukisikia kwamba mwaka jana niliugua nusura nife, na mtu niliyemshuku hakuwa na kosa, usidhani nimegeuka mtu mwingine. Bado nashuku. Nimeandika haya kwa sababu najua kuna mama mahali fulani sasa hivi ana moto chini ya kifua na jina la mtu kichwani, na anataka kuanza na lile jina.

Nashona nguo Kondele, hasa sare za shule. Nilizaliwa Port Victoria nikaolewa na Mluo wa Kisumu. Mume wangu, Baba Linet, ana mdogo wake, na mke wa huyo mdogo tunamwita Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, maana kwao ni karibu na Pap Onditi. Kwa desturi ya hapa, mke wa shemeji yako mnaitana nyieka, mke mwenzangu, hata kama kila mmoja ana bwana wake. Ni neno la mapenzi na ni neno la vita, inategemea siku.

Maumivu yalianza na mvua za mwezi wa nne. Nikila, panawaka. Nisipokula, panawaka zaidi. Kliniki ya kwanza walinipima malaria wakanipa dawa za malaria. Wiki iliyofuata wakanipima taifodi wakanipa dawa za taifodi. Huku kwetu ukienda na kichwa ni malaria, ukienda na tumbo ni taifodi, ukienda na vyote viwili wanakushangilia. Nilikaa kwenye benchi lao hadi nikajua kila ufa wa ule ukuta, na nani anapenyezwa kwa mlango wa nyuma kabla ya foleni. Mvua ikaisha, moto ukabaki.

Ndipo mama mkwe akaniuliza, "Siku ile ulianza kuumwa, ulikuwa umekula wapi?"

Nikafikiri. "Kwa Nyar Nyakach. Alikuwa amepika omena."

Mama mkwe akaguna. Ule mguno ulinitosha.

Kuna watu, inasemekana, wana jicho la chakula. Hapa linaitwa sihoho. Mtu wa aina hiyo akikutazama unakula na roho yake ikatamani, tonge lile linakwama tumboni na kukutafuna mpaka litolewe. Na hilo jicho halisomewi, mtu hurithi kwa mama yake. Maneno yalikuwepo zamani kwamba mama mzazi wa Nyar Nyakach alikuwa nalo. Maneno tu, lakini lisemwalo lipo, si ndivyo tunavyosema? Kwetu Port Victoria pia watu kama hao tunawaogopa, kwa hivyo sikuhitaji kushawishiwa sana.

Nikapelekwa kwa mama mmoja anayetoa vitu hivyo. Alinipaka mafuta tumboni, akanichanja kidogo kwa wembe, akabandika pembe, akafyonza. Halafu akatema kwenye sahani kipande cha nyama na punje ya maharagwe. Ile punje ilikuwa mbichi kabisa, haijawahi kuona moto. Mimi, ninayenusa maziwa, niliona haragwe bichi limetoka eti tumboni mwangu na sikuuliza swali hata moja. Nilisema asante. Nikalala vizuri siku mbili, na siku ya tatu moto ukarudi, nikahitimisha kwamba Nyar Nyakach amenitazama tena.

Nikawaambia watoto, Linet na mdogo wake Pendo wa miaka saba, "Kwa mama mdogo hakuna kula. Hata maji. Mkipewa kitu, mseme mmeshiba."

Baba Linet alinikasirikia. "Unavunja boma kwa sababu ya gesi?"

"Gesi?" nikamwambia. "Gesi ndiyo imekula kilo zangu? Tazama hii sketi."

Alitazama sketi, akatoka nje. Tangu hapo tukawa tunaongea mambo ya shule na mkaa tu. Mama mkwe naye akapanga kikao cha ukoo mwezi wa kumi na mbili, watu wote wakiwa nyumbani, ili Nyar Nyakach aulizwe mbele ya wazee. Mke akishatajwa hivyo hafukuzwi. Anabaki palepale, lakini hakuna mtu atakayepokea chakula mkononi mwake tena, na binti zake watakosa wachumba wakikua. Nilijua hayo yote, na sikukataa kikao.

Sasa kuhusu mlima. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa hupanda mlima kila Agosti kwenda kuomba. Tunapanda tukiwa tumefunga, hakuna kula mpaka tushuke. Mwaka huo tulichagua Mlima Homa, kule ng'ambo ya ghuba. Jina lake halihusiani na homa ya kuumwa, ingawa mimi ningeweza kubisha. Kuanzia Juni tulifanya mazoezi ya kutembea kila Jumamosi. Magoti yangu yalikuwa yananiuma tangu mwezi wa tatu kwa kukanyaga cherehani, na mazoezi yakazidisha. Nilikuwa na vidonge vya maumivu vya duka la dawa, viwili asubuhi na viwili jioni. Siku ya mlima nilimeza vitatu kwa pamoja na tumbo tupu. Hivyo vidonge sikuvishuku. Vilikuwa vyangu, nilivinunua mwenyewe.

Nilikuwa nakwenda kuombewa dhidi ya mtu, na huyo mtu naye akajiandikisha kwenda. Miaka yote hajawahi kupanda nasi, mwaka huo akajiandikisha. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Tulilala kwenye darasa la shule chini ya mlima, na kulipopambazuka mwenyekiti wetu, Mwalimu Peres, mwalimu mstaafu mwenye filimbi, akatugawa wawili wawili ili mtu asiachwe njiani.

"Nyieka na nyieka," akasema akicheka, akituunganisha mikono. "Nyinyi mtabebana."

Nikamtazama Mwalimu Peres pia, nikajiuliza amelipwa nini.

Njia ya Mlima Homa mwanzoni inakudanganya. Ni shamba la mtama, mbuzi wawili watatu, halafu ghafla ni mawe na nyasi kali na jua limekukalia shingoni. Nusu saa tu, moyo ulikuwa unanipiga masikioni. Nilikuwa napanda hatua kumi, nasimama, najifanya nafunga kamba ya kiatu. Wenzangu walikuwa wanaimba mbele, sauti zao zinazidi kwenda mbali. Nyar Nyakach hakuimba. Alikuwa nyuma yangu, na kila nikigeuka namkuta ananitazama.

Mfukoni nilikuwa na odowa, lile jiwe laini ambalo wajawazito hulamba. Sikuwa mjamzito, lakini tangu Juni nilikuwa siwezi kupitisha saa moja bila kulitafuna, na nilikuwa nalificha kama mlevi anavyoficha chupa. Tumefunga, lakini nilijiambia jiwe si chakula. Nikageuza uso nikauma kidogo.

"Unakula odowa siku hizi?" akauliza.

"Nani amekwambia nakula?"

"Midomo yako ni nyeupe, Mama Linet. Si ya vumbi. Nyeupe yenyewe."

Nikatangulia. Mbele kidogo tumbo likanikata, nikaenda nyuma ya mwamba kujisaidia. Choo kilikuwa cheusi, cheusi cha lami, na kilikuwa hivyo kwa wiki mbili. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Baba Linet. Niliporudi, Nyar Nyakach alikuwa amekaa juu ya jiwe ananisubiri.

"Nikuulize kitu na usikasirike," akasema. "Choo chako ni cheusi?"

Ai! Nilihisi baridi mwili mzima katikati ya lile jua. Amejuaje? Nani angeweza kujua kilicho ndani ya tumbo langu kama si yule aliyekiweka? Kama kulikuwa na shaka yoyote, iliishia pale.

"Choo changu kinakuhusu nini wewe?"

"Turudi chini. Sisi wawili tu. Nimwite Mwalimu nimwambie, tushuke polepole, kuna gari kule shuleni."

"Nirudi na wewe? Peke yetu?" Nilicheka, lakini hakikuwa kicheko. "Nitafika juu, nyieka. Wewe rudi kama umechoka."

Sasa msomaji, hapa ndipo nataka unisikie vizuri. Watu wakisikia nilifika kilele cha Mlima Homa nikiwa na damu nusu mwilini husema, "Mama, una imani!" Haikuwa imani. Nilipanda kwa sababu kule juu kulikuwa na wanawake kumi na wawili na kule chini kungekuwa na mmoja. Nilikuwa namkimbia. Nilipanda kwa mikono na magoti mahali pengine, macho yakiona nyota mchana, na kila akininyoshea mkono nilikuwa nashika jiwe badala yake. Kipande kimoja jiwe liling'oka, nikateleza, akanidaka kwa mkanda wa sketi. Nikajinyofoa.

Nilifika. Ghuba yote ilikuwa chini yetu, ikimetameta, na upande ule mwingine Kisumu yetu ikionekana kwa shida kwenye ukungu. Wanawake walinishangilia. Mwalimu Peres akaita wagonjwa wapige magoti katikati waombewe. Nikapiga magoti, na mikono ikaja juu ya kichwa changu, na mmoja ulikuwa wa Nyar Nyakach, naujua ule mkono kwa kovu la moto. Nilishindwa kuomba. Nilikuwa nahesabu tu utakaa pale muda gani.

Tulipoanza kushuka akanitolea chupa ya chai yenye uji. "Mungu atakusamehe. Kunywa kidogo, unatetemeka." Nikapokea kikombe. Alipoinama kufunga mfuko, nikaumwaga nyuma ya kichaka nikajipangusa mdomo. Sijui kama aliona. Siku hizi nafikiri aliona.

Hatukufika mbali. Nakumbuka nilisema "ngoja" na nikatapika kitu kama machicha ya kahawa, halafu nikaona viatu vyake vinakuja kasi. Baada ya hapo ni vipande vipande tu. Lesso zimefungwa kwenye miti miwili. Wanawake wananibeba kwa zamu na filimbi inalia. Sauti moja mbele, bila kupumzika, ikisema, "Jiwe hapa. Shimo hapa. Inueni upande wa kichwa." Mbebaji wa mbele hakubadilishwa mpaka chini. Niliambiwa baadaye ni nani.

Hospitalini Kisumu wakaniambia damu yangu imeisha hadi wakashangaa nilivyokuwa nikiongea. Wakanitundikia chupa ya kwanza. Unajua nilifanya nini? Nikamshika sista mkono.

"Damu hii ni ya nani?"

"Ya mtu, mama."

"Mtu gani? Kuna mtu ametoa damu leo kwa ajili yangu?"

"Jamaa zako wametoa ya kurudisha benki. Hii ni ya mtu mwingine hatumjui." Akanitazama. "Unaitaka ama huitaki?"

Nikaitaka. Lakini niliikodolea macho ile chupa tone kwa tone mpaka ikaisha. Chupa ya pili nilifumba macho. Ya tatu nilikuwa nimesinzia, na huo ulikuwa usingizi wangu wa kwanza mzuri baada ya wiki nyingi.

Kati ya ya pili na ya tatu daktari alikuja, kijana mwenye uchovu usoni. Akauliza, "Unatumia dawa gani nyumbani?"

"Hakuna," nikasema. Vidonge vya magoti sikuvihesabu kama dawa.

Nyar Nyakach alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alichukua mkoba wangu, akaufungua, akaumwaga juu ya shuka. Odowa vipande vitatu. Uzi. Futi ya kupimia. Na pakiti za vidonge, tupu na nzima, moja baada ya nyingine.

Daktari akachukua pakiti moja. "Hivi umemeza tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na tumbo lilianza lini?"

"Mwezi wa nne," nikasema, na masikio yangu yakasikia. Hesabu hiyo hata Pendo angeifanya. Kesho yake wakanimezesha kamera, waya mweusi unaopita kooni huku machozi yanakutoka kama mtoto, na mama mmoja mfanya usafi, Mungu ambariki, alinishika vidole muda wote bila kuulizwa na mtu. Wakaona kidonda kinachovuja. Hapakuwa na tonge la mtu yeyote.

Jioni ile nilikuwa nimefumba macho, wakadhani nimelala. Baba Linet alikuwa anamuuliza Nyar Nyakach alijuaje.

"Mama yangu alienda hivyo," akasema. "Odowa, midomo nyeupe, choo cheusi. Hatukumpeleka hospitali. Watu walisema jicho lake limemrudia mwenyewe, kwa hivyo aachwe. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Nilikuwa namfulia, ndiyo maana najua rangi."

Sikufungua macho. Ningeyafungua ningemwangalia vipi?

Nilikaa wodini siku tisa. Halafu ikawa dawa za kidonda wiki sita, na vidonge vya kuongeza damu vinavyofunga choo mpaka unamkumbuka adui yako kwa huruma. Mvua fupi zikaja nikiwa naweza kupanda ngazi za kibanda changu bila kupumzika. Kucha zikarudi rangi. Siku moja nikapita kwa wauza odowa nikagundua nimepita bila kununua. Niliketi kwenye cherehani nikalia, na mteja wangu akadhani nimeshona mkono wa shati kinyume.

Kama uko hapo nilipokuwa, nakuambia mambo machache nami sitajifanya daktari. Tazama choo chako. Sema rangi yake kwa mtu, hata kama ni aibu. Kila unachomeza, kikiwa cha magoti au cha kichwa, kitaje. Na kama unataka kushuku, haya, shuku, siwezi kukukataza mimi. Lakini anza na mkoba wako.

Niliyoyaogopa zaidi ni ya mwezi wa kumi na mbili, maana kikao kilikuwa bado kimepangwa. Mama mkwe alisema tukiache kife chenyewe, tusikitaje tena. "Hakuna mtu alimtaja jina," akaniambia. "Wewe umepona, shukuru." Ilikuwa njia rahisi, na nilishawishika, nisidanganye. Lakini ukoo mzima ulikuwa umeshanong'onezwa. Kikao kikifa kimya, ule mnong'ono ungebaki hai peke yake.

Kwa hivyo siku ilipofika nilisimama mbele ya watu, wazee wamekaa, sufuria bado ziko motoni. Nikasema kidonda kilitokana na vidonge nilivyonunua mwenyewe. Nikasema nilimpaka mtu matope, nikamtaja kwa jina, mbele yake. Mama mkwe akaangalia chini. Mzee mmoja akakohoa, akasema vizuri, tumesikia, sasa tule.

Nyar Nyakach akasimama. "Mimi sijamaliza," akasema. Hakuwa amepandisha sauti. "Nilijiandikisha ule mlima kwa sababu nilisikia juu ya hiki kikao. Nilitaka nikupate peke yako nikuulize, nyieka, nimekukosea nini? Nilikuwa naitafuta nafasi njia nzima. Halafu nikaona midomo yako, nikaacha."

"Hujanikosea kitu," nikasema. Nilikuwa nalia sasa, na sijali ni nani aliona.

"Sawa. Hawa wazee nawajua, watasahau wakishiba. Waambie watoto wako."

Linet alikuwa mlangoni, ameelewa kila kitu, uso umemwiva kwa aibu yangu. Pendo nilimwita. Nikachuchumaa nikamwambia kwamba mama alikosea, kwamba chakula cha mama mdogo ni kizuri, kwamba anaweza kula kwake siku yoyote. Akasema, "Sawa, mama."

Nyar Nyakach akachukua chapati kwenye sahani yake, akaikata katikati, akamnyoshea nusu. Pendo akaipokea kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, akasema asante. Halafu hakula. Akageuka akanitazama mimi usoni. Nikaitikia kwa kichwa, nikatabasamu, nikamwambia, "Kula, mwanangu." Nyar Nyakach alikuwa amesimama palepale, nusu yake mkononi, anamsubiri. Na mtoto wangu akaendelea kunitazama.